Chumba Asichoweza Kuingia Msimamizi

9 Januari

Kwa Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku mimi ni mzima na nguvu ninazo. Naamini nanyi mmeamka salama, wewe na Kitindamimba wako, na cherehani bado inanguruma barazani. Mwambie Kitindamimba dada yake anamsalimu sana, na amalize masomo yake ya jioni ya lugha, asiyachezee.

Nilifika salama na kazi nimeianza. Ni kazi ya usafi katika jengo la ubalozi, kama tulivyoambiwa, ila aliyetuajiri si ubalozi wenyewe, ni kampuni iliyopewa kazi ya kuleta wafanyakazi hapa. Jengo ni zuri sana. Sakafu ni ya marumaru, milango ni ya vioo. Siku ya kwanza tulipewa sare za bluu tukapigwa picha mbele ya lango. Kampuni imesema itazituma kwa wakala aliyetuandikisha huko ili familia zione tulivyopokelewa.

Tunakaa vizuri. Chakula ni kizuri. Msimamizi wetu ni mtu mzuri. Simu tunapewa Jumapili tu, kwa hiyo usihangaike nisipopiga. Barua ni vizuri uzitume kwa anwani ya ofisi ya kampuni, nao watanipa.

Sina la zaidi. Wasalimu majirani, hasa mama muuza mkaa.

Mtoto wako,
Chiriku


2 Februari

Chiriku, mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo. Goti langu linanisumbua kila nikikanyaga cherehani, lakini sare za shule zimekwisha kwa wakati na mwaka huu hakuna mzazi aliyenitukana. Mama muuza mkaa ameng'oa jino la mbele, sasa akizungumza ni kama anapuliza moto. Nimeanza na hilo nisije nikalisahau.

Barua yako imenichukua siku nzima, na wala si kwa urefu. Hivi ni wewe? Wewe tuliyekuita Chiriku kabla hujaota meno kwa kutonyamaza? Wewe ambaye ukitumwa chumvi unarudi na habari za mtaa mzima, na chumvi umesahau? Jengo zuri, chakula kizuri, msimamizi mzuri. Nimetafuta mzaha hata mmoja humo, sikuuona. Ni kama nasoma tangazo la kiwanja kinachouzwa. Nani alikuwa amesimama nyuma yako ulipokuwa unaandika?

Picha imefika. Nilipita ofisini kwa wakala kuchukua suruali anayotaka ipunguzwe kiuno, nikakukuta umetundikwa ukutani, mkubwa kama kalenda, unacheka. Chini wameandika: ANZA MAISHA MAPYA. Mabenchi yamejaa wasichana. Mmoja akaniuliza, "Mama, huyo unamjua?" Nikasema ni wangu. Wakanitazama kama vile ubalozi huo nimeujenga mimi. Nilijisikia vizuri, sikufichi. Lakini nilipofika nyumbani nikaisoma tena barua yako, na hizo "nzuri" zako zikaanza kuniwasha mwilini.

Kitindamimba naye anataka kuja. Anasema amechoka kupinda sketi za watu. Wakala amemwambia kuwa unasifiwa sana huko na nafasi zipo. Nimemwambia tusubiri dada yake aseme. Basi sema, na useme kwa mdomo wako ule ninaoujua.

Shangazi yako


27 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa goti. Leo utanisamehe nikifupisha salamu, maana dereva anaondoka saa sita.

Usiandike tena kwa anwani ya kampuni. Tumia ile iliyo nyuma ya bahasha hii. Ni ya dereva anayeleta maji ya kunywa hapa ubalozini, mtu mkimya, ndiye atakayetoa na kuleta barua zangu.

Yako niliipata imeshafunguliwa. Msimamizi tunamwita Funguo, kwa kuwa rundo la funguo zake linamtangulia kama kengele ya mbuzi. Ni mtu wa kwetu, Shangazi, wa lugha yetu hii hii, na hilo ndilo linaloniuma. Aliisoma kwa sauti wenzangu wakiwa wanakula. Alipofika pale pa "nani alikuwa amesimama nyuma yako", akaniangalia, akasema, "Mimi." Watu wakacheka kwa woga. Tangu siku hiyo simu ya Jumapili sipewi.

Sasa sikiliza. Pasipoti yangu iko kabatini kwake, pamoja na za wenzangu wote. Alizichukua uwanja wa ndege, eti kwa usalama. Mkataba niliotia sahihi huko nyumbani walininyang'anya, nikapewa mwingine wa lugha nisiyoijua. Tunalala kumi na wawili chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, na dirisha limepigiliwa misumari. Asubuhi basi la kampuni linatutoa pale, jioni linaturudisha, kisha geti linafungwa. Siku ya mapumziko sijaiona tangu nije.

Kuna mwenzetu wa nchi nyingine kabisa, anapiga pasi mapazia na vitambaa vya meza. Tunamwita Mama Pasi. Tunaelewana kwa mikono na maneno machache. Alimwagikiwa na dawa ya kung'arishia marumaru, ngozi ya mikono ikambanduka kama ganda la kitunguu. Funguo akasema hospitali watataka hati, na kabati halifunguliwi kwa ajili ya mikwaruzo. Nilichana shuka yangu nikamfunga.

Na wenye ubalozi? Ni watu wa adabu sana. Wananisalimu kila asubuhi. Wakikanyaga sakafu mbichi wananiomba radhi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ninalala wapi.

Mara ya kwanza sikuandika haya kwa sababu ya Funguo, ndiyo, lakini hata angekuwa hayupo sijui kama ningeyaandika. Nilisindikizwa kwa vigelegele. Ningewaambiaje?

Ile picha itoe ukutani. Sijui utafanyaje, ila itoe. Na Kitindamimba asije. Nasema asije.

Mzaha wako huu hapa: wali wa huku una mawe, lakini hatuyatoi, maana ndiyo yanayoshibisha.

Chiriku


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole, na pole tena. Mama muuza mkaa anakusalimu. Nilimsomea kidogo tu, akaacha mkaa wake bila mtu akaja kukaa nami.

Barua yako niliisoma nimesimama, sikuweza kukaa. Kesho yake asubuhi nikaenda kwa wakala na mkasi wangu wa kukatia vitambaa.

"Karibu mama," akasema. "Suruali yangu iko wapi?"

"Suruali yako kiuno ni kile kile. Nimekuja kumchukua mwanangu."

Akacheka. "Mwanao yuko kazini, mama."

"Yuko hapo ukutani."

Nikapanda juu ya benchi, na goti hili hili. Wasichana wakajisogeza kunipisha. Nikakata kona moja, nikakata ya pili, yule bwana akaruka kutoka kwenye kiti chake.

"Mama! Hiyo ni mali ya ofisi!"

"Uso ni wa nani?"

Nilipokwisha kukushusha nikawageukia wale wasichana nikawaeleza kuhusu kabati, dirisha lenye misumari na mikono ya yule mwanamke. Wawili waliinuka wakaondoka. Mmoja, binti mzuri tu, kasuka nywele zake vizuri, akaniambia, "Mama, wako ameshafika, ndiyo maana unatufungia mlango sisi." Nikatoka na uso wako nimeubana kwapani. Wiki haikuisha pale ukutani wakatundika msichana mwingine.

Nimekwenda pia ofisi ya kazi. Karani akasema mambo ya huko yanashughulikiwa huko huko. Nikamuuliza huko ndiko wapi? Akasema nirudi Jumatatu. Jumatatu nikaambiwa yuko likizo.

Kitindamimba hajambo. Hayupo karibu ninapoandika, ndiyo maana hakuongeza salamu zake. Yeye usimfikirie, jifikirie wewe.

Shangazi yako


3 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama muuza mkaa hajambo? Haya, nimesalimu. Sasa niambie kwa nini hukuniambia.

Basi la kampuni lilileta wapya. Nilikuwa nafuta vioo vya mlango wa mbele, nikawaona wakipangwa langoni wapigwe picha, sare bado zina mikunjo ya dukani. Wa mwisho kwenye mstari alikuwa mwanao. Akaniona. Akanipungia mkono, anacheka.

Nilimpata wakati wa chai, nikamvuta nyuma ya mapipa ya taka.

"Umefuata nini huku? Sikusema usije?"

"Ulisema. Mbona wewe mwenyewe huondoki, kama ni kubaya hivyo?"

"Pasipoti yako iko wapi?"

"Kaichukua yule kaka mwenye funguo. Anasema atanirudishia jioni."

Jioni ikapita, na nyingine ikapita. Kisha akaja akakaa kitandani kwangu, akaniegemea begani. Sikumwambia "nilikuambia", ingawa Mungu anajua nilivyotamani.

Baada ya hapo tukatangaziwa kuwa mkaguzi anakuja, katumwa na serikali yenye ubalozi kuangalia watu wa kampuni wanavyotunzwa. Funguo alitufanyisha mazoezi kama watoto wa shule wanaongoja mgeni rasmi. "Pasipoti yako iko wapi?" "Ninayo mwenyewe." "Unapumzika?" "Kila wiki." Aliyekosea alirudia. Mama Pasi alivalishwa glavu.

Mkaguzi ni mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba. Alituhoji pale pale ubalozini, mmoja mmoja, na Funguo kakaa pembeni yake eti ndiye mkalimani. Zamu yangu ilipofika akauliza, Funguo akatafsiri, nami nikajibu, "Ninayo mwenyewe." Ndiyo, Shangazi. Nilisema hivyo. Na Kitindamimba aliyekuwa nyuma yangu kwenye mstari akasema hivyo hivyo, tena kwa sauti yangu, kama vile mimi ndiye niliyemfundisha kusema uongo.

Nikarudi kwenye zamu yangu, vyoo vya wanawake vya chini. Nilikuwa nimepiga magoti nasugua sakafu, mlango ukafunguliwa, akaingia mkaguzi. Akanisalimu, akafungua bomba anawe mikono. Huko nje nikazisikia funguo zinakuja, zinakuja, zikasimama mlangoni. Hazikuingia. Shangazi, ni choo cha wanawake! Katika jengo lote lile hicho ndicho chumba pekee asichoweza kuingia.

Lugha ya wenye ubalozi nimeiokota nikipiga deki, maneno ya kuombea maji tu. Nikainuka, nikanyoosha kidole mlangoni. "Pasipoti. Yeye. Zote."

Akafunga bomba. "Zote?"

"Zote. Mimi nimesema uongo. Wote uongo."

Akanitazama, maji yanamchuruzika vidoleni. Nilidhani atatoka, na akitoka tu nimekwisha. Akavua koti lake, akalitundika kwenye ndoano ya mlango. Akauliza kwa sauti ya chini, "Wenzako wanaweza kuja humu?"

Nikatoka na ndoo nikamwambia Funguo, "Choo kimeziba, maji yanamwagika, na mgeni yumo humo ndani. Nahitaji wenzangu." Akaingiwa na hofu ya aibu. Aliwaita yeye mwenyewe! Wakaja na mopu zao, mmoja mmoja, wakashangaa kukuta sakafu kavu. Mama Pasi alipoelewa akavua glavu, akaweka mikono yake juu ya sinki chini ya taa. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa hilo. Mengine yote alitafsiri mwanao. Kumbe yale masomo ya jioni hakuyachezea. Alisimama katikati yetu akayapanga maneno ya kila mtu, na palipokuwa na mtu anayelia alimngojea amalize.

"Bado tu?" Funguo akagonga.

"Bado!" nikamjibu. "Kimeziba vibaya sana!"

Sasa hatujui. Mkaguzi aliondoka bila kutuaga. Funguo bado yupo, anatuangalia namna mpya, kama anayetafuta mahali pa kushika. Dereva naye ameanza kuulizwa maswali langoni. Kila basi likipunguza mwendo, chumba kizima kinanyamaza.

Nakuuliza tena. Kwa nini hukuniambia?

Chiriku


29 Julai

Chiriku,

Marahaba. Leo sina habari za jirani yeyote.

Nilipokuandikia ile ya Aprili, Kitindamimba alikuwa ameshaondoka nyumbani. Nilimsomea barua yako yote. Akasema umeyaandika hayo ili asije akakupita. Nikamjibu kwa maneno ambayo mama hamwambii mwanawe, sitayarudia. Akachukua mkoba wake, akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningejua atarudi. Wiki ya pili nikasikia kwa watu kuwa wakala amempa nafasi. Nilikimbilia kituo cha mabasi, nikakuta wamekwisha kwenda.

Sikukuambia kwa kuwa nilijua ukipata habari utafanya jambo la hatari. Basi ukalifanya vilevile, ila ulilifanya umeshtukizwa, na hilo ni juu yangu.

Siwezi kushona. Juzi nimeweka mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia, mwenyewe akalivaa mbele yangu tukabaki tunatazamana. Gari likisimama natoka. Wasipokuachia muda wa barua, niandikie neno moja tu: tupo.

Mmepatana? Usinijibu kwa kunifurahisha.

Shangazi yako


14 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Tupo.

Wiki nyingi tulikaa bila kusikia chochote, hata tukaanza kulaumiana nani alisema nini mle chooni. Halafu asubuhi moja, kabla ya basi la kazini, magari mawili ya ubalozi yakaingia kwenye geti letu. Akashuka yule mkaguzi na viatu vyake vya raba, na wakubwa wa ubalozi nyuma yake. Ilikuwa mara yao ya kwanza kufika tunapolala. Mmoja aliingia chumbani, akatazama dirisha, akatoka nje kutafuta hewa.

Mkaguzi akataka kabati lifunguliwe. Funguo akasema ufunguo wa kabati umepotea. Yeye! Na rundo lote lile kiunoni! Kitindamimba akacheka kwa sauti, na sote tukaangua kicheko, mpaka Mama Pasi ambaye hakuelewa. Mlinzi akavunja kitasa kwa nyundo. Pasipoti zikatoka zimefungwa kwa raba kama karata. Tuliitwa, kila mtu akachukua yake. Yangu niliinusa. Sijui kwa nini.

Mama Pasi alipelekwa hospitali siku ile ile. Wamemtibu, ila vidole viwili havitakunjika tena. Ameshaondoka kwenda kwao. Tuliagana kwa mikono, kama tulivyozoea kuzungumza. Funguo ameondolewa, hatujui yuko wapi. Kampuni imebaki. Wamepewa onyo, tumehamishiwa nyumba yenye madirisha, tumepewa mikataba mipya ya lugha yetu, na Jumapili tunatoka. Mkubwa mmoja wa ubalozi alinisimamisha ukumbini akasema, "Hatukujua." Nikamwambia, "Hamkuuliza." Akabaki ameshika mkoba wake.

Umeniuliza kama tumepatana. Tulipatana, tukagombana, na sasa sijui tuiiteje hali hii.

Msimamizi mpya ni mtu wa tabasamu. Lakini juzi aliomba pasipoti, "za kusajiliwa tu, mara moja." Kuna wasichana wamekuja baada yetu, wakaanza kufungua mikoba. Kitindamimba akamwambia kwa lugha ya wenye ubalozi, taratibu kabisa, "Tutakwenda nazo wenyewe, zikisajiliwa tumesimama hapo." Yule bwana akasema haina haja. Habari ya kusajili ikaishia hapo.

Ubalozi umetoa tiketi chache kwa wanaotaka kurudi. Nilisema nataka. Nikadhani nimesema kwa niaba yetu wawili. Nikamfuata ukumbini, anapiga deki.

"Funga mizigo, tiketi yako ipo."

"Yangu nimempa yule mwenzetu aliyefiwa huko kwao."

"Una wazimu? Mama hashoni, halali, anakungoja wewe!"

"Wewe unakwenda. Mama Pasi kashakwenda. Nani wa kusema nao atabaki humu? Mkaguzi kasema atarudi, hakusema lini. Huyu mpya ataziomba tena, na hawa watoto watampa. Mimi nilitoa, dada. Najua wanavyoziomba."

Nilimbembeleza. Nilimtisha. Mwishowe nililia pale pale ukumbini, watu wa ubalozi wanapita. Akaniambia nisogee, nimekanyaga pabichi.

"Sasa mama nimwambie nini?" nikasema. "Nitamwambia mkataba haujakwisha, hawajakuruhusu, utafuata mwezi—"

Akasimamisha mopu.

"Usimwambie hivyo. Mwambie nimebaki kwa kutaka kwangu. Umwambie hivyo hivyo, usilainishe."

Ninafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, Shangazi, peke yangu. Mwanao amebaki kwa kutaka kwake. Sikulainisha.

Chiriku